Asilimia ya protini pekee haimkuzi sato

Mfugaji wa sato anaponunua chakula, swali lake la kwanza huwa kina protini asilimia ngapi. Ni swali la haki, kwa kuwa protini ndiyo hujenga mnofu na ndiyo hubeba sehemu kubwa ya gharama, lakini mimi ningependa aulize pia nishati inatoka wapi.

Samaki hatumii chakula kuupasha mwili joto kama afanyavyo kuku, kwa hiyo mahitaji yake ya nishati ni madogo. Hata hivyo ni lazima aogelee, apumue na ameng'enye chakula, na kazi hizo hutangulia ukuaji. Wanga na mafuta yakipungua, mwili huifanya protini kuwa kuni: asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini, huvunjwa, naitrojeni yake hutoka kupitia matamvua ikiwa amonia, na mfugaji huwa amenunua dagaa wa kuongeza protini kwa bei kubwa ili achafue maji ya bwawa lake mwenyewe. Nishati ikizidi, samaki hushiba kabla hajapata protini ya kutosha, na ziada hujilimbikiza tumboni kama mafuta, ambayo siku ya kumpasua hutupwa pamoja na matumbo.

Sato ana nafuu, maana humeng'enya wanga vizuri kuliko samaki walao nyama kama trauti, hasa wanga uliopikwa. Ndiyo sababu sato aliyekwisha kukua kiasi hutosheka na protini ya takriban asilimia 28 hadi 32, mradi nishati ipo. Vifaranga wana hesabu yao. Hao huhitaji asilimia 40 au zaidi.

Tena, asilimia yenyewe haisemi yote. Kwa kawaida maabara hupima naitrojeni na kuizidisha kwa 6.25 ili kukadiria protini, bila kuonyesha ni asidi amino zipi zilizomo. Mashudu ya alizeti yana upungufu wa asidi amino iitwayo lisini, soya ina upungufu wa nyingine iitwayo methionini, na soya mbichi huzuia tripsini, kimeng'enya kinachovunja protini tumboni, hivyo sharti ipashwe moto.

Kwa anayechanganya chakula mwenyewe, ningeanza na pumba, ambazo zikizidi huleta nyuzinyuzi zisizompa sato nishati. Azichekeche, apunguze kiasi chake na aongeze unga wa mahindi au muhogo uliopikwa, kabla ya kufikiria kuongeza dagaa, ambao watu na kuku nao wanawagombea.