Mama na Shangazi ndani ya machiya, Kyoto

Mama alipokuja Japani na Shangazi, kwangu Osaka hawakuenea. Nikakodi nyumba nzima Kyoto, nusu saa tu kwa treni ya haraka, mtaa wa Nishijin, kwa wafumaji wa hariri wa tangu zamani. Nyumba zenyewe zinaitwa machiya: za mbao, walizojenga wafanyabiashara na mafundi wa mjini. Siku hizi nyingine zimekarabatiwa na zinapangishwa kwa siku. Unapewa namba za kufungulia mlango, basi, nyumba yenu.

Ukiitazama kutoka njiani utadhani umetapeliwa. Uso mwembamba, madirisha ya fito zilizobanana, rangi ya mbao iliyokula moshi. Ukishaingia ndiyo unaona inavyozidi kwenda: chumba cha mbele kilichokuwa duka, cha kati, cha ndani, halafu ua mdogo wenye jiwe na mti mmoja, na huko nyuma kabisa bafu na choo. Watu wa Kyoto huziita kitanda cha mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Upande mmoja kuna ujia unaotoka mlango wa mbele hadi nyuma, zamani sakafu yake ilikuwa udongo ulioshindiliwa, yetu ilikuwa saruji. Humo ndimo lilimokuwa jiko. Juu ya ujia hakuna dari, unaona mihimili hadi paani, ili moshi na joto vipate pa kupandia. Mama aliinua kichwa akatazama muda mrefu. "Hapa mtu anapika kwa kuni bila kutoka machozi," akasema, na kwake yeye hiyo ni sifa kubwa kuliko hekalu lolote tulilompeleka.

Nilikuwa nimejiandaa kuwafundisha. Vueni viatu, kaeni chini, msiburute masanduku juu ya tatami. Kumbe wa kufundishwa sikuwaona. Viatu walishavua mlangoni kabla sijafungua mdomo. Tatami ni mkeka mnene, juu umefumwa kwa nyasi, chini umejazwa majani makavu ya mpunga (au povu, kwa zile za kisasa), na Mama alijitandaza pale kama yuko barazani Tanga. Mimi niliyezoea kiti cha ofisi ndiye niliyekuwa nabadilisha miguu kila dakika tano. "Mwanangu," Shangazi akaniambia, "umepanda ndege zote hizo kuja kukaa mkekani?" Choo chenye bomba la maji ya kujisafishia kilimaliza mjadala wote kuhusu ustaarabu wa Wajapani. Kibla kilikuwa magharibi, kikipinda kidogo kaskazini, kuelekea uani.

Ngazi ndiyo iliyotushinda. Imesimama karibu wima, na chini ya vidato vyake kuna makabati, maana hakuna nafasi inayoachwa bure. Shangazi aliitazama mara moja, akasema huko juu walale wenye magoti. Magodoro tukayatandika chini sote. Kama unakuja na wazee, muulize mwenye nyumba habari za ngazi kabla hujauliza habari za intaneti.

Halafu kuna baridi. Ilikuwa Februari. Nyumba hizi zilijengwa kwa kufikiria kiangazi, na kiangazi cha Kyoto ni kikali kwa sababu mji umezungukwa na milima pande tatu na upepo hauingii. Likifika joto, nyumba iliyotunzwa kwa desturi hutolewa milango ya karatasi, ikawekwa ya matete, na ua ule mdogo huvuta hewa kutoka nyuma hadi mbele. Februari ua huohuo unavuta barafu. Mama alipapasa mlango wa karatasi akauliza, "Na baridi nayo itapiga hodi?" Haikupiga. Ilitoka chini ya sakafu. Kilichotuokoa ni kotatsu, meza fupi yenye hita chini yake na blanketi nene lililofunika pande zote. Ukishatia miguu humo hutoki. Mama alikula, akanywa chai, akasali sunna zake karibu yake na kurudi mbio.

Ukuta wa jirani uko karibu kiasi kwamba mtu akikohoa unamwombea afya. Na sisi tuna simu. Saa mbili usiku Tanga ni saa nane za usiku Kyoto, na Shangazi haamini kuwa sauti inafika Afrika bila kusukumwa. Kwa nyumba isiyo na mhudumu ndani, kanuni za Kyoto zinataka awepo mtu wa kuweza kufika ndani ya dakika 10 hivi. Hakufika mtu, lakini asubuhi tulikuta ujumbe wa adabu sana kwenye simu yangu.

Mama aliamka alfajiri, akaona ufagio ujiani, akatoka kufagia. Kufagia mbele ya nyumba ni desturi ya Kyoto pia, ila ina mpaka: unafagia kwako, unavuka kidogo tu kwa jirani kuonyesha wema, basi. Mama alifagia kwetu, kwa bibi wa kushoto, kwa bwana wa kulia, mpaka kwenye ndoo nyekundu za maji ya kuzimia moto. Bibi wa kushoto alitoka akainama mara nyingi sana. Kesho yake Mama alipotoka alikuta njia ishafagiwa, ya kwetu pia, na bibi amesimama na ufagio, anatabasamu. Siku ya tatu Mama aliamka mapema zaidi. Sikuingilia.

Wapo wanaosema kupangisha nyumba hizi kwa wageni kunaharibu mtaa. Hoja niliyo nayo ni hiyo ya ufagio. Moto wa mwaka 1864 uliteketeza sehemu kubwa ya Kyoto, kwa hiyo nyingi zilizopo ni za baada ya hapo. Halmashauri huhesabu kuwa machiya zile zilizojengwa kabla ya 1950, mwaka ilipopitishwa sheria ya ujenzi ya nchi nzima, ambayo imefanya iwe vigumu kujenga tena kwa namna ile. Hesabu ya 2016 ilikuta zimebaki takriban 40,000, na zinaendelea kupungua: mwenyewe anafariki, watoto wako Tokyo, kodi ya urithi inadai, ukarabati ni ghali. Inabomolewa, panabaki maegesho ya magari manne. Kwa hiyo anayesema wageni wanaharibu mtaa, mimi namwonyesha maegesho.

Lakini namwelewa pia. Sheria iliyoanza kutumika 2018 iliweka mwisho wa siku 180 kwa mwaka kwa makazi yanayopokea wageni, na Kyoto ikabana zaidi: katika maeneo yaliyotengwa kwa makazi pekee, ni kati ya Januari na Machi tu, ingawa machiya zilipewa nafuu, na nyingi zina leseni ya nyumba ya wageni inayoruhusu mwaka mzima. Mtaa ambao kila mlango una kitasa cha namba hauna bibi wa kushindana naye kufagia. Natafuta nyumba iliyo katikati ya majirani wanaoishi pale, na namba ya leseni iwe imeandikwa kwenye tangazo.

Bei? Kwa watu watatu au wanne mkigawana, mara nyingi ni nafuu kuliko vyumba viwili vya hoteli. Ongezea kodi ya malazi ya mji, iliyoanza Oktoba 2018, kwa kila kichwa kwa kila usiku. Mama anataka kurudi Julai ili aone hiyo milango ya matete. Nimemwambia Julai ni tamasha la Gion, bei inapaa, na joto ni la Tanga bila bahari. Anasema ataleta feni.