Chokaa ya Bagamoyo, chokaa ya Tucson

Kuna kanisa huko Arizona, Marekani, ambalo ningependa kila mwenye nyumba ya mawe hapa Bagamoyo alijue. Linaitwa San Xavier del Bac. Liko kilomita kama 16 kusini mwa mji wa Tucson, kwenye ardhi ya Watohono O'odham, wenyeji wa asili wa eneo lile, jeupe pe katikati ya jangwa. Misheni yake ilianzishwa na padri Eusebio Kino mwaka 1692; kanisa linaloonekana leo lilijengwa kati ya 1783 na 1797 kwa matofali ya kuchoma, mawe na chokaa. Mnara mmoja una kuba, wa pili haukumalizwa mpaka leo.

Karne ya 20 watu waliolitakia mema wakalikandika saruji. Balaa likaanzia hapo. Saruji ni ngumu, ukuta wa kale ni laini na unacheza na joto. Saruji ikatoa nyufa nyembamba, mvua ikapenya, na ikishapenya haina pa kutokea. Tucson hupata milimita kama 300 tu za mvua kwa mwaka, na bado zilitosha kuharibu michoro ya ndani. Sasa sisi wa masika na upepo wa chumvi?

Wakabandua saruji ile, wakarudisha lipu ya chokaa na mchanga iliyotiwa ute wa mpungate, ule mmea wa miiba wenye mashina bapa kama majani. Ute ukiingia kwenye chokaa, lipu inakauka polepole, inashika vizuri, na inakinga maji bila kuuziba ukuta. Ndani ya kanisa, kuanzia 1992 hadi 1997, wataalamu kutoka Ulaya walisafisha michoro, na Watohono O'odham wenyewe wakafundishwa kazi ile papo hapo. Hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mtaalamu akipanda ndege, ujuzi unabaki nyumbani.

Habari hizi nilizipata nikiwa nakarabati nyumba ya marehemu bibi, nyuma ya India Street. Fundi wa kwanza alipoona lipu imevimba upande wa bahari alisema, "Dada, tupige saruji, yaishe." Mzee wa jirani, aliyechoma chokaa ya matumbawe ujanani, akauweka mkono ukutani, akauacha hapo kitambo. "Mwanangu, na haya maji yaliyomo yatatokea wapi?" Fundi hakuwa na jibu. Tukatumia chokaa.

Tucson nao waliwahi kuidharau mali yao. Mji ulianza kama ngome ya Kihispania, 20 Agosti 1775, eneo lake likiwa limechaguliwa na Hugo O'Conor, Mwairishi aliyemtumikia mfalme wa Hispania. Kuta za ngome zilikuwa za tofali mbichi za udongo. Ukawa wa Mexico, kisha Marekani ikalinunua eneo lile katika mkataba wa Gadsden kwa dola milioni 10. Reli ilipofika mwaka 1880 ikaleta vifaa vya ujenzi kutoka mbali, na nyumba ya udongo ikaanza kuonekana ya kimaskini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 sehemu kubwa ya mitaa ya watu wenye asili ya Mexico ilibomolewa kupisha ukumbi wa mikutano. Inauma. Kilichosalia, Barrio Viejo, leo kinauzwa bei ya juu.

Humo kuna El Tiradito, ukuta uliobomoka nusu ambapo watu huwasha mishumaa kwa ajili ya marehemu anayesemekana aliuawa kwa mambo ya mapenzi na kuzikwa hapo hapo. Mshumaa ukiwaka mpaka asubuhi, ombi limekubaliwa. Barabara kuu ilipopangwa kupita mtaani, wakazi walipigania mahali hapo paingizwe kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria, ikawa 1971, na barabara haikupita. Bibi, aliyekuwa akienda Kaole kwenye kaburi la Sharifa kila akiwa na jambo zito, angewaelewa watu wale vizuri sana.

Kama una nyumba ya mawe hapa, Pangani au Tanga mjini, na imeshapigwa saruji, bandua kipande cha kiganja kimoja karibu na sakafu, wakati wa kiangazi. Gusa jiwe la nyuma yake. Likiwa na unyevu, mtafute fundi wa chokaa kabla ya masika.