Kigeuza antena, wiki ya tatu: pembetatu badala ya mraba

Jumamosi usiku. Mota haitulii. Niliitoa kwenye printa mbovu, ya volti 12, na programu yangu ni swichi tupu: kosa (tofauti kati ya mahali shafti ilipo na inapotakiwa kuwa) likiwa chanya inapata volti 12 kamili, likiwa hasi inapata 12 za kinyume. Katikati hakuna kitu. Shafti inafika, inapitiliza, inarudishwa, inapitiliza tena. Gia zinagongana kakakaka, na dereva ya mota (saketi inayoipa umeme) haishikiki kwa joto. Nikifunga antena hapo, meno ya plastiki hayamalizi mwezi.

Jumapili. Dawa niliyochagua ni ditha: mawimbi ya haraka yanayojumlishwa kwenye kosa kabla swichi haijaamua. Swichi inageuka-geuka, lakini mota ina uzito wake, inachohisi ni wastani.

Nilianza na mawimbi ya mraba, +60 na −60 (potenshiomita, kifaa kinachopima shafti imegeuka kiasi gani, inasoma 0 hadi 1023), kwa kuwa ni mistari miwili tu ya programu. Kelele zikapungua, nikafurahi. Kisha nikaizungusha shafti kwa vidole. Laini! Hainipingi hata kidogo, mpaka kosa lilipovuka 60 ndipo ikanirusha vidole. Nikashika kalamu. Kosa liwe 10 au 50, jumla ni chanya nusu ya muda na hasi nusu nyingine. Wastani ni sifuri. Ndani ya 60 mota haikuwa inaongozwa na chochote.

Jumatatu. Pembetatu, mawimbi 100 kwa sekunde. Kosa likiwa 30 kwa ditha ya 60, jumla inakuwa chanya robo tatu ya muda na hasi robo: wastani volti 6. Kosa 15, volti 3. Mstari ulionyooka kabisa, umetoka kwenye swichi inayojua ndiyo na hapana tu! Nimeirudia hesabu hii mara tatu kwa raha yake. Mota ilikwenda, ikapunguza mwendo, ikasimama. Ditha ya 20 ilirudisha mtetemo, ya 150 ikaifanya goigoi. Nimebaki na 60.

Alhamisi. Nilitaka mawimbi 1,000 kwa sekunde. Arduino Uno, kibodi kidogo cha kompyuta kinachoendesha programu yangu, inatumia zaidi ya mikrosekunde 100 kusoma potenshiomita kwenye pini ya analogi, kwa hiyo kila wimbi lilipata hatua tisa hivi na pembetatu ikageuka ngazi. Suluhisho lilikuwa ndani ya chipu: taima inayohesabu kupanda hadi 255 na kushuka ni pembetatu tayari. Nikiipa kosa, inalinganisha yenyewe, mara 3,900 hivi kwa sekunde. Ndiyo ile PWM tuliyoizoea, kuwasha na kuzima umeme haraka ili kupata wastani unaotakiwa.

Sasa shafti inasimama nyuzi mbili na nusu kabla ya lengo. Kosa la 10 linatoa volti 2 tu, na gia hizi zimekaza. Kwa mawimbi 100 ilikuwa ikitetemeka kidogo, msuguano haukupata nafasi ya kuishika. Kesho najaribu ditha mbili pamoja, ya taima na nyingine ndogo ya taratibu.