Breki

Masika ya 2009 yalinikuta Moshi, kwenye maabara ndogo yenye sentrifuji mbili, mashine za kuzungusha tyubu kwa kasi, na friza moja ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Nilikuwa nimetoka kusoma baiolojia ya molekuli, na moyoni nilishajiona bingwa wa virusi.

Tulikuwa tukitafuta watu adimu sana: wanaoishi na VVU miaka na miaka bila dawa, na virusi bado havionekani kwenye kipimo. Hawafiki hata mmoja kati ya watu mia. Sisi tulimpata mama mmoja wa Kiboroloni, muuza ndizi. Tulitaka kujua seli zake za kinga zinavifanya nini hivyo virusi hadi vinyamaze.

Asubuhi hiyo sista alimtoa damu chupa nne, kila moja mililita 8. Kazi yangu ilikuwa kutenga seli nyeupe. Unaimimina damu polepole juu ya kimiminika kizito kiitwacho Ficoll, tyubu umeiinamisha, pumzi umeibana, mpaka damu ielee juu bila kuchanganyika. Halafu unazungusha nusu saa. Ikitoka, juu kuna maji ya manjano, chini kabisa wekundu, na katikati utando mwembamba mweupe kama ukungu wa asubuhi. Huo utando ndio ulioufuata.

Sharti ni moja: mashine isimame yenyewe, taratibu. Breki unaizima. Aliyenitangulia alikuwa amezungusha mikojo, akaiacha breki imewashwa. Natamani nimlaumu yeye, lakini karatasi ya kukumbusha ilikuwa imebandikwa pale pale kwenye mfuniko, na mwandiko ulikuwa wangu.

Nilisikia mashine inakata mlio ghafla. Kufungua, tyubu zote nne zimekuwa na rangi ya uji wa ulezi. Nikajaribu kutandika upya, ila Ficoll iliyobaki ilitosha tyubu moja tu. Nilitegemea seli kama milioni 30. Nikaambulia milioni 3.

Mkuu wetu hakufoka, na hilo ndilo lililoniumiza. Oktoba iliyotangulia Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier walikuwa wametangazwa washindi wa Nobel kwa kugundua VVU, na mzee hakuacha kuwataja. Akaniambia kwamba mwaka 1983, pale Paris, seli walizokuzia virusi zilianza kufa, wakaongeza seli kutoka kwa mchangia damu, virusi vikaendelea kuzaliana. "Hata wao walihitaji damu nyingine. Kamwombe. Ila umwambie ukweli, na akikataa, basi." Asante, mzee, lakini seli zao ziliuawa na virusi, zangu zilipotezwa na breki.

Wiki mbili baadaye Ficoll ikafika, na mama akaja, mwavuli unachuruzika, kandambili zimejaa matope.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sura hiyo? Nakufa?"

"Hapana mama. Damu yako niliiharibu. Mimi mwenyewe."

Nikamweleza yote, hadi breki. Alinitazama kitambo.

"Bibi yangu alikuwa akitutisha na mumiani, wanyonya damu. Lakini hata mumiani, aisee, hawamwagi." Sista akageukia dirishani, mabega yanamtikisika. "Nitatoa. Lakini safari hii nataka kuona mnaipeleka wapi."

Mkuu akaruhusu. Mvua ilimshika mpaka saa saba, akasubiri kwenye benchi. Mimi niliikagua breki mara tatu, kisha nikakaa pembeni ya mashine nusu saa nzima kama anayechunga mbuzi wa jirani. Utando ulitoka mweupe.

Nilipozichanganya seli na rangi ya kuhesabia, tulimvalisha koti jeupe juu ya kitenge, akainamia darubini. Nikamwambia iliyokufa hunywa rangi ikawa buluu, iliyo hai huikataa, inabaki inang'aa.

"Hawa wanaong'aa ndio askari wangu?"

"Ndio hao, mama."

"Wengi." Akanyamaza, jicho liko kwenye lenzi. "Na huyu wa buluu?"

"Huyo amekufa."

"Umemuua wewe?"

Nikasema sijui. Akacheka, akavua koti, akalikunja vizuri kuliko tulivyolikunja sisi, akaenda kusaini fomu ya nauli.