Kichupa kilichokaa kabatini wiki tatu

Daktari wa moyo aliponiandikia niende kwa watu wa tiba shufaa, wale wa kumpunguzia mgonjwa mateso ya ugonjwa, nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu awaite watoto. Nilidhani kule wanapelekwa wa kukata roho tu.

Nina shinikizo la damu kwenye mishipa ya mapafu. Si ile presha ya kufungwa kitambaa mkononi. Hiyo yangu huwa sawa, na ndiyo maana mwanzoni nilitibiwa pumu karibu miaka miwili. Mishipa ipelekayo damu mapafuni imekuwa myembamba na migumu, upande wa kulia wa moyo unasukuma mpaka unachoka, kisha maji yanajaa miguuni na tumboni. Eko ya moyo, kile kipimo cha kuupiga moyo picha kwa mawimbi ya sauti, ndiyo iliyoonyesha, wakahakikisha kwa mrija mwembamba waliopitisha mshipani hadi moyoni. Nikaanzishwa sildenafili, mara tatu kwa siku. Kijana wangu aliona haya kuinunua, maana wengi wanaijua kama dawa ya nguvu za kiume. Inalegeza mishipa ya mapafu vilevile, kwa hiyo mama mwenzangu ukiandikiwa, meza.

Miguu ilipungua kuvimba, lakini kuinama kulinishinda. Nikikalia mbuzi kukuna nazi, kifuu kimoja hakijesha nimeshaona kizunguzungu. Kwenye sijda ndiyo kabisa, nilikuwa nainuka natweta kama nimekimbizwa. Hilo liliniliza kuliko miguu.

Nesi wa tiba shufaa hakuanza na kifua changu. Aliniuliza, "Mama, siku yako ikiwa nzuri, unafanya nini?" Nilinyamaza kitambo. Nikamwambia ninaswali nimetulia, na Ijumaa napika mwenyewe. Akayaandika hayo mawili juu kabisa ya ukurasa, majina ya dawa yakafuata chini.

Nikapewa morfini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu. Nikaificha nyuma ya vikombe vya wageni, wiki tatu nzima. Niliamini ni ya wenye saratani, na kwamba ukiionja huiachi. Nesi alipokuja nyumbani akaikuta haijafunguliwa. Hakunigombeza. Alivua viatu, akakaa mkekani, akanieleza kwamba haitibu mishipa, ila kwa dozi ndogo chini ya uangalizi inaweza kutuliza ile hofu ya kukosa hewa. Akanitajia Hospice Africa ya Uganda, ambayo tangu 1993 inawapa wagonjwa morfini ya kunywa wakiwa majumbani mwao. Kisha akavuta kwenye bomba la sindano lisilo na sindano miligramu 2.5, tone la kijani lisilojaza kijiko, akanisubiri ninywe. Usiku ule nililalia mito miwili badala ya minne. Ila choo kilifunga vibaya, na papai peke yake halikufua dafu. Ombeni dawa ya kulainisha choo siku ile ile.

Bafuni kuna kiti cha plastiki sasa, naoga nimekaa. Pumzi ikipanda naegemea mbele, viwiko juu ya magoti, natoa hewa polepole kama napoza uji, na feni ndogo ya betri naishika karibu na pua. Upepo ukigusa uso, kile kiu cha hewa kinashuka. Kila asubuhi napanda mizani. Nikiongezeka kilo mbili kwa siku chache napiga simu, wanarekebisha kidonge cha kutoa maji. Ng'onda nimeiaga kwa sababu ya chumvi. Shehe wetu aliniambia niswali kwenye kiti, niashirie sijda kwa kichwa. Nilikuwa najua hukumu hiyo tangu chuo cha Kurani, lakini nilihitaji kuisikia ikisemwa kwangu.

Lililokuwa zito ni mazungumzo ya nikizidiwa. Nesi alituweka pamoja, mimi, mume wangu na watoto. Nikasema dawa zote naendelea nazo, kliniki siachi, lakini moyo ukifika mwisho sitaki kufungwa mashine mbali na kwangu. Binti yangu alitoka nje. Mume wangu alibaki, akauliza maswali mengi, hata nani apigiwe simu usiku wa manane. Namba akaiandika kwa kalamu ya wino mzito ukutani, juu ya jiko.

Ijumaa hii binti yangu atakuna nazi. Mimi nitakaa kwenye stuli, nichuje tui, na wali nitaupalia mwenyewe.