Mifuo ya Upande wa Nje

Jumapili iliyopita binti yangu alikuwa akifuta vumbi kwenye rafu ya ngazi sebuleni, kazi ambayo hapa Dodoma, upepo wa kiangazi unapoanza, hurudiwa asubuhi na jioni. Alipofika mguu wa kulia alisimama, akatia kidole katika mmoja wa mifuo minne iliyochongwa upande wa nje, akauliza, “Mama, rafu zilizokuwa zinakaa huku zilienda wapi?” Nilimwambia kwamba hapakuwahi kuwa na rafu upande huo. “Sasa mbona pamechongwa?” Nilimjibu kwamba nitamweleza baadaye, na tangu siku hiyo ninatafuta namna ya kumweleza.

Ilikuwa Agosti 2018, miezi minne baada ya Dodoma kutangazwa kuwa jiji, na baba alikuwa amekuja kukaa nasi Ipagala akisubiri kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Mapema mwaka huo mteja mmoja alikuwa amemrudishia meza ambayo miguu yake haikulingana, na wiki hiyohiyo baba alifunga karakana yake ya Kizota bila kumwambia mtu. Nilihitaji mahali pa kuweka vitabu, hilo ni kweli, lakini nilihitaji zaidi kumwona akishika tena mbao, kwa hiyo nilimwomba anifundishe kutengeneza rafu ya kuegemea ukutani, ile yenye umbo la ngazi, ambayo rafu zake hupungua upana kadiri zinavyopanda.

Mbao zilitoka Mafinga, nazo zilikuwa za msindano. Baba, aliyezoea mninga wa Tabora, alizipapasa, akazinusa, akasema zina maji bado. Hakuniruhusu kuzikata. Alinieleza kwamba mbao iliyotoka kwenye baridi na ukungu wa Mufindi ikiletwa katika hewa kavu ya Dodoma hunywea, na kwamba mfuo uliochongwa leo kwa kipimo cha kubana utakuwa umelegea baada ya mwezi, hivyo tulizipanga ndani ya nyumba, tukaweka vijiti kati ya mbao na mbao ili hewa ipite, na tukasubiri wiki tatu. Nadhani zile wiki tatu zilikuwa na furaha kwake kuliko kazi yenyewe. Kila asubuhi alizigeuza.

Siku ya kazi, tukinywa uji, alinifundisha jambo moja ambalo alilirudia mara mbili: miguu miwili ya rafu ya namna hii haifanani, bali hutazamana. Ukiilaza sambamba, nyuso za ndani zikiwa juu, mistari ya mguu mmoja na ya mwenzake lazima ielekeane kama mapande mawili ya paa la nyumba. Kisha akasema, “Mama, leo macho ni yako, mikono ni yangu.” Tangu nikiwa mtoto ameniita mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

Miguu ilikuwa mbao za mbili kwa nne, kila mmoja sentimita 180. Tuliuegemeza mguu wa kwanza ukutani, chini ukiwa umesogea sentimita 47 kutoka ukutani, na hapo mbao hulala kwa nyuzi 15 hivi. Baba hakutaka kupima pembe kwa chombo chochote. Aliweka pimamaji ubavuni mwa mbao, mimi nikasoma povu, nikasema “panda kidogo, shuka kidogo, hapo,” naye akapiga mstari kwa penseli. Tulifanya hivyo kwa rafu zote nne, na mstari wa tano ukawa wa kukata kisigino ili mguu ukae sawa sakafuni.

Kisha akauchukua mguu wa pili, akauegemeza palepale ulipokuwa wa kwanza, akauchora ubavu uleule.

Ubavu uliopaswa kuchorwa ulikuwa wa pili. Niliposhusha mbao zote mbili na kuzilaza uani, mistari yote minane ya rafu ililala upande mmoja kama mvua inayosukumwa na upepo, paa halikuwapo. Niliona. Niliona mara moja, kabla sijashika msumeno, na nilijua maana yake, kwa kuwa nilikuwa nimeielezwa asubuhi ileile. Baba alikuwa amepiga goti moja juu ya mbao kuishikilia, uso wake umeelekea kwangu bila kunifikia, akisubiri sauti ya meno ya msumeno. Niliifikiria ile meza iliyorudishwa. Nikaanza kukata.

Kila mfuo unahitaji mikato miwili ya kina cha nusu inchi, na baadaye patasi ya kuondoa nyama iliyobaki katikati. Nilikata mifuo minane. Harufu ya utomvu ilijaa uani, baba akawa ananisahihisha kwa kusikiliza tu, “unaegemea kulia,” “umefika, simama,” na kila aliposema hivyo nilitamani agundue mwenyewe, na papo hapo niliomba asigundue. Sijui ni vipi moyo mmoja unaweza kubeba maombi hayo mawili, lakini wangu uliyabeba kwa muda wa saa moja na nusu.

Tulipoisimamisha miguu, alichukua rafu ya chini, akaingiza ncha ya kushoto, nayo ikaingia vizuri kwa kubana. Ya kulia ilikutana na mbao laini. Akapapasa juu, akapapasa chini, kisha mkono wake ukazunguka polepole hadi upande wa nje, vidole vikaingia katika mfuo na kubaki humo. Mabati ya jirani yalikuwa yakigonga kwa upepo.

“Miguu miwili ya kushoto,” alisema.

Sikujibu.

“Mama, uliona?”

“Sikuona, baba.”

Alikaa kimya, kisha akatikisa kichwa polepole. “Basi tumekosea wote.”

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Kwa kuwa mguu ulikuwa umeegemea kwa pembe ileile, mistari mipya ya upande wa ndani iliangukia mgongoni mwa ile ya zamani. Alinyosha mkono akaomba msumeno, akachonga yote minne mwenyewe kwa kupapasa, na mbao ya inchi mbili ikabakiwa na inchi moja katikati, ambayo hadi leo inabeba vitabu bila kupinda. Gundi, skrubu, vanishi. Magharibi rafu ilikuwa sebuleni. Nilipotaka kuziba mifuo ya nje kwa vipande vya mbao, alisema, “Paache.”

Upasuaji ulifanyika Oktoba. Alipotutembelea akiwa anaona tena, alisimama mbele ya rafu kwa muda mrefu, akaenda upande wa kulia, akatazama, akaomba maji ya kunywa.

Nimejiambia mara nyingi kwamba ile ilikuwa heshima, kwa kuwa hatukulelewa kumsahihisha mzazi. Lakini uani tulikuwa wawili tu, na hakuniomba heshima siku ile. Aliniomba macho, nami nikamnyima huku akinishikia mbao. Kuna siku ninaamini kwamba alijua tangu swali lake, na kwamba neno “wote” lilikuwa njia yake ya kunifunika. Kuna siku nyingine ninaona kwamba nililisikia hivyo kwa sababu nilikuwa na la kufunikwa.

Baba anakuja Jumamosi kutoka Kongwa. Binti yangu, baada ya kuona kwamba “baadaye” yangu imekuwa ndefu, ameniambia nisijisumbue, atamuuliza babu.