Kadi kwenye pindo la kanga

Mwaka 2009 kaka yangu alikuja likizo kutoka Dubai akaniletea kamera ya dijitali, zile ndogo za kutia mkobani, rangi ya fedha, megapikseli 8, zumu mara tatu, inakula betri mbili za AA na ndani ina memori kadi ya GB 2. Simu za kamera zilikuwepo Lamu wakati ule lakini picha zake ni kama mtu kapiga kupitia chupa ya mafuta, hii ilikuwa kitu kingine, unaona mpaka nyuzi za kofia ya mtu. Nikashinda nayo wiki nzima, punda, majahazi, paka wa Mkunguni, watoto wanaoruka majini pale gatini, kila kitu.

Haukupita mwezi ikaja harusi ya binti wa mama mdogo. Mama akasema wewe ndo utapiga picha usiku wa kupamba. Nikafurahi mpaka nikasahau kwamba kuna Bibi.

Kwa asiyejua, usiku wa kupamba ni wa wanawake peke yao. Bibi harusi anatolewa, anakaa juu kwenye kiti chake na hina na piko mpaka viwikoni, asumini kichwani, na waalikwa wenyewe mabuibui wameyaweka pembeni, kila mtu na nguo yake na nywele zake. Mlangoni anakaa mtu mzima na kazi yake ni kupekua mikoba, simu yenye kamera inabaki kwake mpaka unaondoka. Si ushamba, ni amana. Watu wanacheza vile kwa sababu wanajua kilichoko mle ndani kinabaki mle ndani.

Na Bibi alikuwa na lake zaidi. Harusi ya mama, miaka ya 1980, walipiga picha chache kwa kamera ya filamu, na aliyepiga ni mwanamke, lakini filamu lazima ikasafishwe studio na studio ni wanaume. Ikapelekwa Mombasa. Picha zikarudi zote, hakuna iliyopungua, halafu baada ya miezi miwili mtu akamwambia babu kwamba picha ya mama ameiona kwa kijana fulani. Waliosafisha walitoa nakala moja ya ziada. Babu hakusema neno nyumbani lakini Bibi alizichukua zile picha zote akazitia motoni, ndo maana mama yangu mpaka leo hana picha ya harusi yake. Hata moja.

Kwa hivyo nilipomwendea Bibi na kamera, amekaa kwenye busati anachagua mchele, aliiangalia mara moja tu. "Hiyo haingii." Nikamwambia Bibi hii haina filamu, haipelekwi kokote. "Na picha yatoka vipi?" Nikampiga palepale na sinia lake la mchele nikamgeuzia skrini. Akasogeza miwani, akajiona, akanyamaza, kisha akasema, "Ifute." Nikabonyeza kile kialama cha ndoo ya taka, ikaondoka. Akataka aoneshwe tena, hamna kitu. Akaichukua mwenyewe akaigeuza juu chini kama anatafuta ilipoangukia.

"Imefutika, Bibi. Haipo tena."

"Mwanangu, mato ya waume yasiyaone."

Nikamwahidi kwamba macho ya wanaume hayatayaona. Na nikaongeza kwamba kila mwanamke nitakayempiga nitamwonesha picha yake, na asiyeitaka nitaifuta mbele yake. Ahadi hiyo nitaifikia, manake ndo iliyokuja kuninyima usingizi.

Usiku wenyewe sasa. Nilikuwa na betri nne za kuchaji, nikaziweka kwenye chaji mapema, na stima ikapotea kuanzia saa tisa mpaka magharibi, zama hizo stima ya Lamu ni ya majenereta ya dizeli na kukatika ni kawaida. Nikaingia harusini na betri zilizoshiba nusu. Halafu kamera ndogo za wakati ule zilikuwa na tabia hii, ukibonyeza haipigi hapo hapo, inatafuta fokasi kwanza ndo inapiga, na kama mtu anacheza unapata mgongo wake. Dawa yake niliijua gatini kwa wale watoto, unabonyeza nusu mapema unashikilia hapo hapo, inakuwa imeshafokasi, mtoto akiruka unamalizia tu. Usiku ule nilishikilia kidole mpaka kikafa ganzi. Flashi nayo haifiki mbali, hatua tatu nne basi, aliyeko mwisho wa chumba anatoka kivuli, kwa hivyo ilinibidi niwe katikati ya wachezaji, jasho linanitoka, upepo umelala na chumba chote ni udi na vikuba na vigelegele.

Picha kama sitini hivi, alama ya betri ikawa nyekundu. Nikatia jozi ya pili, haikufika ishirini. Na bibi harusi hata hajafunuliwa.

Mama mdogo akatuma mtoto dukani akarudi na betri zile za rahisi za redio. Nikazitia, kamera ikawaka, lenzi ikatoka, ikazima na lenzi iko nje. Wote wakashangaa, si mpya hizi? Lakini flashi na mota ya lenzi vinavuta nguvu nyingi kwa mkupuo na betri zile hazina nguvu hiyo. Mwengine akachomoa ya saa ya ukutani, mwengine akaja na za rimoti, hivyo hivyo, saa inakula kidogo mno, betri inayoendesha saa mwaka mzima kwa kamera inaweza kuwa imeshakufa. Nilitaka kulia. Wasichana wawili walikuwa wameshashika ncha za mtandio wa kijani aliofunikwa bibi harusi, wananiangalia mimi, ukumbi mzima unaningojea mimi.

Nikarudisha zile zangu za kwanza, manake betri ikipumzika hujirudishia kidogo, nikazima flashi kabisa ili isile. Sasa bila flashi mkono ukitikisika tu picha inaharibika, na mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Hapo ndo nikaziona zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Nyumba ile ni ya mawe ya zamani, ukuta wa ndani wote ni zidaka za chokaa, kila kimoja na sahani yake au birika lake. Nikaondoa sahani moja nikampa mtoto ashike, nikaiweka kamera ndani ya kidaka, ikakaa kama imejengewa pale, nikaweka taima ya sekunde mbili, nikabonyeza nikatoa mkono, nikawaambia haya, mfunueni.

Nilipata tatu kabla haijazima moja kwa moja. Mbili si mbaya. Ya tatu mpaka leo nikiifikiria moyo unanienda mbio. Mtandio umeshainuka na kwa vile ulikuwa unakwenda umetoka kama moshi wa kijani juu ya kichwa chake, na yeye mwenyewe, kwa vile alitulia kabisa, macho chini, ametoka wazi kila kitu, mistari ya piko kwenye vidole, asumini moja iliyoanguka begani. Mwanga ni wa zile globu tu, wa manjano. Flashi ingemfanya mweupe kama karatasi. Somo yake, yaani kungwi wake, alipoiona kwenye skrini alisema maa shaa Allah akafunika skrini kwa kiganja.

Usiku ule wanawake tisa walinitaka niwafutie picha zao. Nikafuta mbele yao mmoja mmoja, na kila mmoja nikamwambia vile vile nilivyomwambia Bibi, imefutika.

Asubuhi kaka akapiga simu, nikamsimulia kwa furaha, akasema uzuri wa kadi ni kwamba hata ukifuta kwa bahati mbaya usijali, zinarudi. Vipi zinarudi? Akanieleza, kadi haisugui picha, inaandika tu kwamba pale pana nafasi, na mpaka picha nyingine iandikwe juu yake ile ya zamani ipo, mtu akiwa na programu kwenye kompyuta anaitoa. Yeye aliniambia kama habari njema. Mimi nikahisi baridi.

Nikaitoa kadi kwenye kamera nikaifunga kwenye pindo la kanga, pale ninapofunga pesa. Nimelala nayo. Naenda msalani nayo. Kuiharibu siwezi, picha za bibi harusi zimo na hazina pengine zilipo, nyumbani hatuna kompyuta, na saiba zote ni wanaume.

Aliyetutoa ni shoga yake mama, anakaa Langoni, binti yake alimletea printa ndogo ya picha kama kibweta. Ilikuwa na alama ya PictBridge na kamera yangu inayo alama ile ile, maana yake unaunga waya kutoka kamera mpaka printa, huhitaji kompyuta wala mtu wa katikati. Tukaenda baada ya alasiri, mimi, mama, mama mdogo, na Bibi na bakora yake. Mlango ukafungwa. Nikachagua ile ya mtandio.

Karatasi ikatoka na picha ya manjano tupu, mama mdogo akasema imeharibika, ikarudi ndani, ikatoka tena na wekundu juu ya manjano, uso wa mtoto wetu unaanza kuonekana, ikarudi, ikatoka na buluu na hapo ndo akawa yeye kamili, ikarudi mara ya nne kwa ile tabaka ya kung'arisha, ikaanguka mkononi kwa mama bado ina joto. Hakuna aliyesema kitu. Mama aliishika kwa ncha za vidole muda mrefu sana, nikajua anaangalia ya kwake.

Tulipochapisha zote nikairudisha kadi pindoni, nikatoa ndani ya printa kile kikasha cha utepe wa rangi, kimekwisha, nikaukunjua niutupe. Bibi akasema ngoja. Akaushika akauelekeza dirishani. Utepe ule, kipande baada ya kipande, ulikuwa na picha ndani yake, bibi harusi wa manjano, bibi harusi mwekundu, wa buluu, kama filamu. Hakuna aliyejua ila yeye aliyefikiria kuutazama. "Jiko liko wapi?" Tukautia kwenye makaa, ukajikunja, moshi mweusi, Bibi amesimama na bakora yake mpaka ukaisha.

Hapo ndo nikamwambia. Bibi, nilikwambia picha ikifutwa haipo, si kweli, zimo ndani ya hii. Nikafungua pindo nikamwonesha kadi. Niliogopa na hii itakwenda makaani. Aliigeuzageuza, ndogo kama stempu ya barua.

"Hii si yako. Ni ya mwenye harusi, mpe akae nayo. Na wale tisa wajua?"

"Hawajui."

"Basi utapita kwa kila moya umwambie."

Nikapita, Mkomani mpaka Langoni, siku nne. Wengine walikasirika, mmoja alinifungia mlango, na haki yake. Kadi nilikuwa nimeshampa bibi harusi, akaitia kwenye kijaluba cha dhahabu zake na ufunguo anao yeye.

Wa tisa alikuwa mtu mzima, jirani yao, usiku ule alinitaka niifute kwa sababu mkufu wake ulikuwa umepinda. Nikamweleza yote, akasikiliza, akauliza, kwa hivyo ile yangu bado ipo? Nikamwambia ipo, mama, ndani ya kadi, na kadi iko kwa bibi harusi, ukitaka ifutike kweli nitamwomba. Akafikiri kidogo.

"Iwate ikae huko," akasema, akaniletea chai.